Jinsi ya Kunyamaza kwa Dakika Tisini

Umekabidhiwa makundi ya diskasheni ya wanafunzi wa sayansi mwaka wa kwanza, na barua ya uteuzi bado iko mkononi. Hongera. Sasa nenda katafute ndoo. Ndoo ya kawaida ya plastiki, lita 20, kama ile ya kuchotea maji hosteli siku mabomba yakikauka. Tafuta pia bakuli la plastiki litakaloelea ndani yake, na jiwe la kilo moja. Projekta na ukumbi wenye kiyoyozi vitakuja siku vitakapokuja, lakini ndoo uwe nayo wiki ya kwanza. Kazi yake nitaieleza mbele.

Kwanza tuelewane kuhusu unachosimamia. Aliyepita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, anavijua vimbweta, zile meza na viti vya zege chini ya miti, na anaijua sura ya kundi lililokaa pale saa tatu usiku wiki moja kabla ya mitihani. Mtu mmoja anaongea. Watatu wanaandika, wawili wanachati, na mmoja amelalia desa. Anayeongea ndiye kipanga. Atafaulu. Alikuwa anafaulu tangu mwanzo, na leo amepata nafasi ya kurudia somo lote kwa sauti mbele ya watu sita. Wale watatu watayakuta maneno yake kwenye daftari kesho asubuhi, mwandiko ni wao, maana haipo. Mpango wako upo kwa ajili ya hao sita. Kazi yako yote, kuanzia kuchagua viongozi hadi kupanga viti, ni kuhakikisha kalamu inahama mkono.

Ukibandika tangazo la kutafuta viongozi wa makundi, watakaokuja mbio ni vipanga, kila mmoja na matokeo yake ameyachapisha. Wapokee kwa heshima, kisha usiwachukue kwa sababu ya A zao. Aliyeelewa moli siku ya kwanza hakumbuki kutoielewa, na mtu asiyekumbuka kupotea hawezi kumwongoza aliyepotea. Atamshangaa tu. Mimi nimewapata viongozi wangu bora miongoni mwa wenye B zilizotoka jasho: kijana aliyelamba sapu ya kemia semista ya kwanza, akarudi, akakaa nayo mpaka ikamkalia. Huyo anajua shimo liko wapi kwa sababu aliwahi kutumbukia. Lazima somo alijue, hilo halina mjadala. Ninachosema ni kwamba kulijua peke yake hakutoshi.

Usaili wake ni mfupi. Mpe karatasi yenye swali lililofanywa vibaya na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mwambie huyu ndiye mwenzako, yuko mbele yako, msaidie. Kisha tazama mkono. Wengi watainyakua kalamu. Kuna mmoja aliinyakua kabla sijamaliza kusema, akakata jibu lote kwa mistari miwili, akaandika lake, akanitazama kwa tabasamu la mtu aliyekwisha ajiriwa. Anayekufaa ni yule atakayeisoma karatasi hadi mwisho, akae kidogo, halafu aulize: "Hapa mstari wa tatu, ulifikiaje?" Mwandike huyo.

Tangazo la wanafunzi nalo liandike kwa uangalifu. Usithubutu kuandika kwamba makundi ni kwa ajili ya wanafunzi dhaifu, wala usiweke kiwango cha GPA cha kuwaita walio chini yake. Ukifanya hivyo watakuja watu wanne, wote wamevaa kofia. Deanna Martin, pale Chuo Kikuu cha Missouri huko Kansas City, alianzisha mwaka 1973 mpango wa wanafunzi kuwaongoza wenzao ambao baadaye ulienea nchi nyingi, na uamuzi wake mkubwa ulikuwa huu: alilenga masomo magumu, akaacha kulenga wanafunzi dhaifu. Somo likiwa ndilo lenye sifa ya kuangusha watu, kila anayelisoma ana sababu ya kuja, na hakuna anayeona haya kuonekana mlangoni. Kwa hiyo andika: "Makundi ya Kemia ya mwaka wa kwanza. Wote mnakaribishwa." Basi.

Kuna kisa kingine cha Marekani ambacho huwa nawasimulia viongozi wapya kila mwaka. Miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kijana aitwaye Uri Treisman alikuwa akijiuliza kwa nini wanafunzi Weusi wengi waliokuja na matokeo mazuri walikuwa wakianguka kalkulasi ya mwaka wa kwanza. Alipowauliza walimu, walimpa sababu za mezani: hawana hamasa, hawakuandaliwa vizuri, familia haziwasukumi. Treisman akaamua kwenda kuona mwenyewe. Aliwafuatilia wanafunzi 20 Weusi na 20 wenye asili ya China, akawatazama wanavyosoma na wanavyoishi. Akakuta wale Weusi hawakuwa wavivu hata kidogo. Walisoma saa zote walizoambiwa, kila mtu chumbani kwake, mlango umefungwa. Wenye asili ya China walisoma peke yao kwanza, kisha wakakutana, wakala pamoja, wakalinganisha majibu, wakakosoana. Ikifika saa ya mtihani walikuwa wanajua wenzao wako wapi na wao wako wapi. Yule anayesoma peke yake alikuwa hana wa kumwambia kwamba anapojikwaa yeye, kila mtu anajikwaa.

Treisman hakuwaanzishia tuisheni ya kuziba mapengo. Aliwaita kwenye warsha ya heshima, akawapa maswali magumu kuliko ya darasani wayafanye kwa pamoja, na matokeo yao ya kalkulasi yakabadilika kabisa. Mimi hapo ndipo ninapopatazama kwa upande wetu. Sisi kukaa pamoja hakutushindi. Tumekulia kwenye pamoja. Tunachokosa kwenye vimbweta ni swali linalostahili watu wanane.

Nimesema wanane, na idadi hii ishike. Mpango wa kemia uliozaliwa City College ya New York mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambao viongozi wengi wa makundi duniani wameuiga, unatumia wanafunzi sita hadi wanane kwa kiongozi mmoja, mara moja kwa wiki, saa moja na nusu hadi mbili. Nimejaribu kumi na wawili kwa sababu viongozi walikuwa wachache. Wa tisa akishaingia, kundi linapata pembe ya kujifichia, na pembe hiyo haikai tupu.

Usiwaache wajichagulie makundi. Waliosoma Ilboru watakaa na wa Ilboru, wa Kibaha na wa Kibaha, na waliotoka shule za kata watakaa mwisho, wengine ndiyo kwanza wameshika bureti mwezi huu. Wachanganye wewe. Na kuhusu mabinti, nisikilize vizuri, maana hapa nilikosea miaka miwili mfululizo. Ukimweka binti mmoja na wavulana saba, dakika ya tano atakabidhiwa kalamu ya ubaoni aambiwe, "Wewe andika, mwandiko wako mzuri." Ataandika wiki ya kwanza. Ataandika wiki ya nne. Mawazo ya watu saba yatapita mkononi mwake, lake halitaulizwa. Waweke wawili au watatu pamoja, na kiongozi ajue kwamba anayeandika leo ni marufuku kuandika wiki ijayo.

Saa nayo ni sehemu ya somo. Mwanzoni nilipanga vikao saa mbili usiku kwa kuwa madarasa yalikuwa wazi. Wiki ya tatu mabinti wakapungua, nikaandika kwenye ripoti kwamba hamasa imeshuka. Kumbe wengi walipanga vyumba nje ya chuo, na njia ya kuelekea huko haina taa. Hakuna aliyeniambia mpaka kiongozi mmoja aliponivuta pembeni. Nikahamisha kila kitu saa kumi jioni, na hamasa yao ikarudi siku hiyohiyo.

Haya, tuje kwenye ndoo.

Swali lenyewe ni hili. Mvuvi yuko kwenye ngalawa, ngalawa inaelea kwenye bwawa dogo. Ndani ya ngalawa kuna jiwe kubwa la nanga. Akilitupa jiwe majini likazama, maji ya bwawa yatapanda, yatashuka, au yatabaki palepale? Kiongozi analisoma mara mbili, anakaa, anafunga mdomo.

Siku nitakayoisimulia nilikuwa nimekaa kimbweta cha nyuma, nikijifanya nasahihisha. Sauti ya kwanza ilisema yatabaki palepale, kwani jiwe ni lilelile. Ya pili ikasema yatapanda, kwani jiwe limeingia majini. Kijana mmoja, kipanga wa kundi, akataja Archimedes, akaandika fomula nzuri kabisa juu ya karatasi, akaitazama, akanyamaza. Fomula ilikuwa sahihi. Haikuwa na mlango. Dakika nane zikapita hivyo, kelele zikipanda na kushuka, wakapiga kura: watano "palepale", wawili "yatapanda", mmoja hakunyoosha mkono.

Yule asiyenyoosha alikuwa kijana wa kisiwa cha Mafia, ambaye kwa wiki mbili nzima hakuwa amesema zaidi ya shikamoo na asante. Kiongozi akamgeukia, akamwuliza kwa upole, "Na wewe?" Akajibu akiangalia meza: "Ukitupa nanga, ngalawa inanyanyuka."

Kiongozi wa kawaida hapo angeruka na kusema vizuri sana, kisha akaeleza yaliyobaki mwenyewe. Huyu alisukuma karatasi tu. "Wenzako hawajaiona hiyo ngalawa. Wachoree."

Akachora. Mstari wa maji juu kidogo ya tumbo la ngalawa jiwe likiwa ndani, na mstari chini zaidi jiwe likiwa nje. Binti aliyekaa ng'ambo akaweka kidole katikati ya mistari miwili, akasema polepole, kama mtu anayehesabu hela za watu: "Kwa hiyo jiwe likiwa ndani, maji yanalibeba. Yanabeba uzito wake wote." Mwingine akadakia, "Na likizama halibebwi tena, limekaa chini. Linachukua nafasi yake tu." Wakatazamana. Kipanga akaivuta fomula yake karibu. Wakaenda kulipima jiwe: gramu 1,000. Wakalizamisha kwenye jagi lenye alama, maji yakapanda mililita 400. Jiwe likiwa ndani ya bakuli linasukuma lita nzima ya maji. Likilala chini ya ndoo linasukuma mililita 400. Wakachora alama kwa kalamu ya wino ukutani mwa ndoo, wakalitoa jiwe kwenye bakuli, wakalizamisha. Maji yakashuka karibu sentimeta moja.

Ilipigwa kelele iliyowatoa watu vimbweta vya jirani. Swali moja lilikula dakika 40. Ukumbini ningelimaliza kwa dakika nne, na wanafunzi 400 wangeandika "yanashuka" na kupigia mstari. Muda wote huo jibu lilikuwa mdomoni mwangu kama pipi, na nakuambia kwa dhati, kutoitema ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika mpango huu. Kiongozi asiyeweza kunyamaza ni mhadhiri wa pili, tena asiyelipwa vizuri.

Kwa hiyo kunyamaza wafundishe viongozi wako kama unavyofundisha kupipeti, kwa mazoezi. Mimi huwaweka wawili wawili, mmoja anauliza swali kisha anahesabu kimoyomoyo hadi 20 kabla ya kufungua mdomo. Mara ya kwanza hakuna anayevuka saba. Ukimya baina ya watu huwasha. Wape na maneno machache ya kushikilia: "Umejuaje?" "Mwenzako amesema nini, hebu sema kwa maneno yako." "Chora." Mtu akikosea, kiongozi asiseme umekosea, aulize kama kuna aliyepata tofauti. Na mtu akipatia, kiongozi asiseme umepatia, aulize vilevile. Hilo la pili linawauma sana, kwa sababu kumsifu mtu ni raha. Lakini kundi likishajua sura ya kiongozi inavyokuwa jibu likiwa sahihi, litaanza kusoma sura na kuacha kusoma swali.

Majibu usiwape wanafunzi, na viongozi nao wasipewe karatasi ya majibu. Jumatatu waite viongozi wote, wape maswali ya wiki hiyo, wayafanye wenyewe hadi wakwame, wakwamuane, na wewe uwepo. Chai na chapati ziwepo pia. Usizikate kwenye bajeti hata wakikubana. Aliyekwama Jumatatu saa nane mchana anaingia kwenye kundi lake Jumatano akiwa na unyenyekevu ambao hakuna semina inayoweza kuufundisha. Karatasi ya majibu ikiwepo popote itapigwa picha, na ikishafika WhatsApp, kikao cha wiki hiyo kimekufa kabla hakijaanza. Vivyo hivyo past pepa. Watakuomba kila siku, watakuapia kwamba maswali hujirudia, na ni kweli mengine hujirudia. Past pepa zina mahali pake, kila mtu chumbani kwake. Kikao cha watu wanane ni kitu adimu mno kukitumia kukariri alichouliza mtu mwaka juzi.

Sasa lugha. Mwanafunzi wetu wa shule ya serikali amesoma msingi kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza akakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza, na kuanzia hapo sayansi ameikariri kwa lugha moja huku akifikiri kwa nyingine. Nimewasikia wakitamka kanuni ya tatu ya Newton kwa Kiingereza safi, neno kwa neno, halafu ukiwauliza kwa Kiswahili farasi anavutaje mkokoteni ikiwa mkokoteni nao unamvuta yeye kwa nguvu ileile, wanatulia kama umewauliza jambo la somo lingine. Kundi ndipo mahali pekee chuoni ambapo pande hizo mbili za kichwa zinaweza kukutana. Waache waongee Kiswahili. Waambie mwanzoni, tena mbele ya mhadhiri kama yuko tayari kusimama nanyi: kufikiri ni kwa lugha yoyote, kuandika jibu la mwisho ni kwa Kiingereza, kwa kuwa mtihani ndio unaotaka hivyo.

Utaona mambo. Nimeshuhudia vijana wawili wakibishana dakika kumi, karibu wagombane, kuhusu kama gari lililozimwa mlimani lina "nguvu". Mmoja alikuwa akimaanisha kani, mwingine nishati. Neno lilikuwa moja, na ndani yake mlikuwa na vitu viwili vya fizikia. Walipogundua hivyo walicheka mpaka machozi, na sidhani kama kuna mmoja wao atakayevichanganya tena maishani. Hali ni hiyohiyo kwa uzito na tungamo. Sokoni tunasema kilo mbili za uzito na kila mtu anaelewa, lakini ukifika kwenye lile jiwe lililozama, mwanafunzi asiyetenganisha hayo mawili hatoki. Kiingereza cha kukariri kingeyafunika haya yote. Kiswahili kinayafichua, na yakifichuka ndipo yanapotibika.

Kuna sheria moja tu ninayoitaka ukutani, nayo ni kwamba swali halichekwi. Ili kuieleza, lisimulie kila kundi jipya habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa na wenzake wakitengeneza aiskrimu ya maziwa na sukari. Nafasi kwenye jokofu ilikuwa inagombewa, akaingiza maziwa yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alimwuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaendelea hadi Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na safari hii mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya dunia. Tangu hapo kila alipokosea hesabu darasani, wenzake walimtania kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Alikuja kuzungumza shuleni kwao mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza kwa mara nyingine. Wenzake wakacheka. Osborne mwenyewe hakuamini, lakini aliahidi kulijaribu jambo hilo akirudi Dar, na akalijaribu kweli. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, Mpemba akiwa amekwisha kuingia chuo cha wanyamapori, na hadi leo wanasayansi duniani wanabishana lini jambo hilo hutokea na kwa nini, huku wakiliita kwa jina lake.

Ninaposimulia hiki huwa nakaa sana kwenye vile vicheko. Waliocheka hawakuwa watu wabaya. Walikuwa kama sisi, wanane wanane, wamechoka, wanataka kipindi kiishe. Katika kundi lako atakuwepo mwenye maziwa ya moto, na utamjua kwa kuwa anaanza swali lake kwa kusema "samahani, labda ni swali la kijinga." Kiongozi akisikia "samahani" hiyo, aweke kalamu chini na amgeukie mwili mzima.

Mengine ya usimamizi nitayapitia haraka. Walipe viongozi kwa wakati. Mwaka mmoja malipo yalichelewa miezi mitatu nikapoteza wanne, na sikuwa na uso wa kuwalaumu. Mahudhurio yahesabike, lakini usahihi wa majibu kikaoni usipewe maksi hata moja, la sivyo watakuja na majibu tayari. Mwanafunzi akikosa mara mbili, usimwandikie barua, mpigie simu. Bumu, ile pesa yao ya kujikimu, likichelewa, mahudhurio hushuka kabla hujasikia habari kwa mtu yeyote; niliwahi kumpigia kijana nikijiandaa kumsema, nikakuta hajala tangu jana mchana. Tangu hapo chapati za Jumatatu huwa zinazidi kumi, na viongozi wanajua za nani.

Kwa mhadhiri wa somo peleka karatasi moja kila Ijumaa: wiki hii makundi mengi yalikwama hapa na hapa. Majina ya wanafunzi usiyataje kamwe. Wahadhiri wengi wataipokea vizuri kuliko unavyodhani, kwa sababu anayefundisha watu 400 kwa maikrofoni kwa kweli haoni nyuso zao, na wengi wao jambo hilo huwasumbua usiku.

Ikifika wiki mbili kabla ya mitihani, makundi yatamsihi kiongozi: "Leo tufundishe tu, kaka, hali ni mbaya." Hofu yao ni ya kweli, asiidharau. Awaambie kila mmoja atunge swali la mtihani analoliogopa yeye mwenyewe, alete. Maswali manane ya hofu mezani yanatosha kabisa kwa dakika 90, na mtunzi wa kila swali atashangaa kukuta wenzake watatu wameandika lake.

Semista ikiisha anza tena usaili. Mwaka uliopita aliingia binti ambaye nilimkumbuka mara moja. Alikuwa kwenye kundi lile la wavulana saba, yule wa mwandiko mzuri, aliyeandika wiki nne kabla sijashtuka. Nikampa karatasi yenye swali lililokosewa. Akaisoma hadi mwisho, akauliza alichopaswa kuuliza, nikaridhika, nikamwambia kama ana swali kwangu aulize.

"Lile jiwe kwenye ndoo," akasema. "Kama ndani ya bakuli tungeweka bonge la barafu, halafu tukalitia majini, maji yangekuwaje? Na barafu ikishayeyuka yote?"

Nikafungua mdomo. Akachukua kalamu aliyokuwa ameishika, akailaza mbele yangu juu ya karatasi, akanyamaza. Nilihesabu. Nilifika kumi na nne, nikaanza kuchora.

Nilipomaliza kuchora hatukukubaliana. Tukatoka hadi kwa mama anayeuza barafu za maji getini, tukanunua bonge la kujaza bakuli, yeye ameshika ndoo, mimi nimeshika jagi.